Sauti ya Chini: Santuri za Wapiga Besi

Natumaini kila mmoja amekwisha kupata mahali pa kukaa, daftari liko tayari, na taa inatosha. Wale ambao bado wako shambani wakipura uwele watayasoma maneno haya baadaye katika karatasi za darasa. Kwa hiyo nitakwenda polepole, ili msikilizaji na msomaji wafike pamoja.

Somo la leo ni juu ya muziki. Lakini sitasema habari za mwimbaji, maana mwimbaji anajulikana. Wala sitasema habari za mpiga gitaa la mbele, maana naye husifiwa kila siku. Nataka tumtazame mtu asimamaye nyuma, karibu na ngoma, ambaye watu hucheza kwa nguvu zake bila kumwuliza jina. Mtu huyo ni mpiga besi.

Besi ni nini? Besi ni chombo cha sauti ya chini. Ziko namna mbili. Moja ni gitaa la besi, linalotumia umeme, lenye nyuzi nne nene. Ya pili ni ya zamani zaidi: ni kama fidla, lakini kubwa mno, hata ikisimamishwa hupita kimo cha mpigaji. Mpigaji husimama nayo, akaikumbatia kama mtu anayezuia mlango, akavuta nyuzi kwa vidole au kwa upinde. Waliowahi kuona taarabu ya Unguja wameiona besi hiyo, nyuma ya fidla na kanuni.

Sasa tufanye jaribio dogo. Chukua uzi mgumu, ufunge kwenye msumari, uvute, kisha uupige kwa kidole. Utasikia sauti ndogo tu. Ukiulegeza kidogo, sauti hushuka. Ukiweka kamba ndefu na nene zaidi, sauti hushuka tena. Haya, funga uzi uleule juu ya sufuria tupu au debe, upige. Sauti imekua, sivyo? Uzi peke yake hausukumi hewa nyingi. Debe ndilo linalosukuma hewa kwa niaba yake. Wagogo wanalijua jambo hili tangu zamani, ndiyo sababu zeze la Kigogo lina kibuyu, na ilimba ina sanduku. Ondoa kibuyu, zeze litabaki kijiti na nyuzi.

Uzi mnene kuliko wote wa besi hutetemeka kama mara 41 kwa sekunde moja. Sauti ya mwanamke akizungumza kwa kawaida hutetemeka kama mara 200. Ili kuitoa sauti nzito namna hiyo, chombo hakina budi kusukuma hewa nyingi sana. Redio ndogo ya betri, au simu ya mkononi, ina kipaza sauti cha upana wa sarafu chache. Haiwezi. Kwa hiyo wengi wetu tumesikiliza nyimbo za bendi miaka mingi, na nusu ya wimbo haikutufikia.

Nitawapa mfano. Katika darasa moja karibu na mji wa Dodoma nilipiga wimbo uitwao Sina Makosa, wa bendi ya Les Wanyika, uliotoka mwaka 1979. Mara ya kwanza niliupiga kwa simu yangu. Darasa zima liliimba. Mara ya pili niliupiga kwa spika kubwa ya kanisa, tuliyoazimwa. Watu wakanyamaza. Mama mmoja, ambaye wakati ule alikuwa bado anajifunza kuunganisha silabi, akauliza, "Mwalimu, hicho kinachotembea ni kitu gani?" Nikamwuliza, kinatembea vipi? Akasema, "Kama mtu anayepita uani usiku. Humwoni, lakini unajua yupo, na unajua anakwenda wapi."

Katika miaka yangu ya masomo sikupata kuelezwa besi vizuri kuliko hivyo. Mtu aliyekuwa akitembea uani katika wimbo ule ni Tom Malanga. Yeye alikuwa mmoja wa wanamuziki waliotoka Simba Wanyika mwaka 1978, pamoja na Omar Shabani wa gitaa la kati na Rashid Juma wa ngoma, wakaunda Les Wanyika mjini Nairobi. John Ngereza wa gitaa la mbele na mwimbaji Issa Juma wakajiunga nao. Usikilizeni tena wimbo huo, safari hii mkiifuata besi peke yake, kama mnavyofuata mstari mmoja wa maandishi kwa kidole. Mtaona kwamba magitaa mengine yamekaa juu yake kama mizigo juu ya punda.

Baada ya wimbo ule nikauliza swali jingine. Nani anamjua Patrick Balisidya? Mikono yote ikainuka. Naam, huyo ni mtoto wa Mvumi, kiongozi wa Afro 70, bendi iliyokwenda Lagos mwaka 1977 katika tamasha kubwa la sanaa za watu weusi, FESTAC. Nikauliza, na nani alikuwa akipiga besi nyuma yake? Mikono ikashuka.

Si kosa la darasa. Santuri nyingi za zamani za Afrika Mashariki ziliandikwa kwenye karatasi ya katikati jina la wimbo, jina la bendi, na mara nyingi jina la mtunzi. Basi. Aliyepiga besi hakuandikwa. Na asiyeandikwa husahauliwa upesi, hasa wenzake wakifa.

Mtauliza, je, yuko mpiga besi yeyote duniani ambaye jina lake liliandikwa kwanza? Wako. Tena wako wengi katika muziki wa jazz wa Marekani. Hapa nisimame kidogo kwa neno hili "jazz", maana huleta fujo. Hapa kwetu lilikuwa jina la bendi ya dansi: Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz, Tabora Jazz, Western Jazz. Bendi hizo zilipiga rumba na chacha zaidi kuliko jazz yenyewe. Jazz yenyewe ni muziki wa watu weusi wa Marekani, uliokua mwanzoni mwa karne ya 20, ambao ndani yake kila mpigaji hupewa nafasi ya kutunga papo hapo, mbele za watu. Neno ni moja, mambo ni mawili, ingawa ni ndugu.

Hata huko Marekani mpiga besi alikuwa na taabu zake. Kabla ya mwaka 1925 sauti ilinaswa kwa pembe kubwa ya bati, bila umeme, na besi ilikuwa haisikiki vizuri. Mara nyingi walimweka mtu wa tarumbeta kubwa badala yake. Halafu santuri za zamani, zile zilizozunguka mara 78 kwa dakika, zilichukua muziki wa kama dakika tatu tu kila upande. Katika dakika tatu, nani atampa nafasi mtu wa nyuma? Mwaka 1948 ilitoka santuri ndefu, yenye kuzunguka mara 33 na theluthi, nayo iliweza kubeba kama dakika 20 upande mmoja. Hapo ndipo wapiga besi walipoanza kupata pumzi, na wengine wakaongoza santuri zao wenyewe.

Aliyepigania jambo hili kwa hasira nyingi kuliko wote ni Charles Mingus, aliyezaliwa mwaka 1922. Mwaka 1952 yeye, mkewe Celia, na mpiga ngoma Max Roach walianzisha kampuni yao ya santuri, iliyoitwa Debut. Mwaka uliofuata, mwezi wa Mei, Mingus alipiga katika jumba la Massey Hall mjini Toronto, nchi ya Kanada, pamoja na Roach, Charlie Parker, Dizzy Gillespie na Bud Powell. Wote watano walikuwa mabingwa. Hata hivyo viti vingi vilikuwa vitupu, kwa sababu usiku huohuo palikuwa na pambano kubwa la ngumi, na watu walipenda ngumi kuliko saksafoni.

Mingus alirudi New York na mkanda uliorekodiwa. Alipousikiliza, aliwasikia wote vizuri isipokuwa mtu mmoja, naye ni yeye mwenyewe. Besi ilikuwa imezama. Basi alifanya nini? Aliingia studio, akaupiga mkanda ule, na huku akipiga besi upya juu yake, noti kwa noti, akajiandika tena mahali alipofutika. Wengine wamemlaumu wakisema si sawa kurekebisha jambo lililokwisha kutendeka. Mimi simlaumu hata kidogo. Alikuwapo, mashine ndiyo iliyosema hakuwapo. Na angalieni kichekesho hiki: kwenye jalada la santuri hiyo Charlie Parker aliandikwa "Charlie Chan", kwa sababu alikuwa amefungwa na mkataba wa kampuni nyingine. Aliyekuwa na jina kubwa alilificha, na aliyekuwa hasikiki alijitia sauti.

Mingus alipata sifa baadaye, siwezi kusema amesahauliwa. Paul Chambers naye aliongoza santuri nzuri mwaka 1957, iitwayo Bass on Top, lakini watu wengi humjua kwa kazi aliyoifanya ndani ya santuri ya mtu mwingine, Kind of Blue ya Miles Davis, ya mwaka 1959. Katika wimbo wa kwanza wa santuri hiyo besi ndiyo inayotamka maneno, na vyombo vingine vinaitikia. Ninyi wenye kuimba ngoma za Kigogo mnajua mwanzishaji na waitikiaji. Safari ile mwanzishaji alikuwa mtu wa nyuma.

Santuri ninayotaka hasa mwijue ni nyingine. Inaitwa Jazz Sahara, na ilirekodiwa mwaka 1958. Kiongozi wake ni mpiga besi aitwaye Ahmed Abdul-Malik. Mtu huyu alizaliwa Brooklyn, New York, mwaka 1927. Alikuwa Mwislamu, na siku zile alikuwa akipiga besi katika bendi ya Thelonious Monk. Katika santuri yake mwenyewe alipiga besi, na pia udi. Akawaweka pamoja mpiga saksafoni wa Chicago, Johnny Griffin, na wapigaji wa fidla, kanuni na dumbaki. Udi, kanuni, fidla, dumbaki: nikisema hivyo, mzee yeyote wa pwani atadhani nataja Ikhwani Safaa ya Unguja, iliyoanzishwa mwaka 1905. Ndiyo sababu naona ajabu kwamba santuri hii haijulikani kwetu. Ingekuwa kitu cha nyumbani.

Ina vipande vinne tu, tena virefu. Msitafute ndani yake nyimbo za kucheza. Fidla huanza kulia peke yake kama mtu anayeadhini kwa mbali, dumbaki ikaingia, halafu besi, na mwisho saksafoni, ambayo mwanzoni huonekana kama mgeni aliyekosea nyumba. Baada ya dakika chache mgeni huyo amekwisha kuvua viatu.

Abdul-Malik alisema kwamba baba yake alitoka Sudan. Wachunguzi wa siku hizi wameona katika hati kwamba wazazi wake walitoka kisiwa cha Saint Vincent, katika bahari ya Karibi. Wengine wanapenda kumcheka kwa hilo. Lakini mtu ambaye wazee wake walisafirishwa utumwani, jina lao la asili likapotea baharini, akitafuta Afrika ya kuitia jina lake, mimi sioni cha kucheka. Alijichagulia mahali pa kutoka. Na kazi aliyoifanya kwa mikono yake ni ya kweli.

Sasa tugeuke tutazame karibu zaidi na kwetu.

Mwaka 1964 ni mwaka ambao watu wa Dodoma wanaukumbuka kwa jambo lililotokea Kongwa. Kongwa ni palepale ambapo Waingereza walijaribu mradi wao wa karanga kuanzia mwaka 1947, wakashindwa kwa ukame na ardhi ngumu, wakauacha mwaka 1951. Mwaka 1964 pakawa kambi ya wapigania uhuru. Vijana wa ANC kutoka Afrika Kusini, wa FRELIMO kutoka Msumbiji, na wa SWAPO kutoka Namibia walikuja wakalala juu ya udongo wetu huu mwekundu, mbali na mama zao.

Mwaka huohuo vijana wengine sita walitoka Afrika Kusini kwa njia nyingine. Hawakushika bunduki. Walikuwa bendi, iliyoitwa Blue Notes. Watano walikuwa weusi, na mmoja, mpiga piano Chris McGregor, alikuwa mzungu. Katika nchi ya ubaguzi wa rangi jambo hilo peke yake lilitosha kuwa taabu: wapi watalala pamoja, wapi watapiga pamoja, nani ataruhusiwa kuwasikiliza. Walialikwa katika tamasha la jazz huko Antibes, Ufaransa. Wakaenda, na kurudi kukawa kugumu. Mmoja wao, Nikele Moyake, alirudi nyumbani mapema. Waliobaki wakawa watu wa ugenini.

Mpiga besi wao alikuwa Johnny Mbizo Dyani, kijana wa Duncan Village, mjini East London, katika Rasi ya Mashariki. Baada ya kukaa Uingereza alihamia nchi za kaskazini, Denmark na Sweden. Na huko Copenhagen, mwaka 1978, aliongoza santuri mbili ambazo ningependa kila kituo cha redio kizipige. Ya kwanza ni Witchdoctor's Son, maana yake mtoto wa mganga. Ndani yake wamo Dudu Pukwana, mwenzake wa Blue Notes, na John Tchicai, ambaye mama yake ni Mdenmark na baba yake ni Mkongo. Ya pili ni Song for Biko, yaani wimbo kwa ajili ya Steve Biko, aliyeuawa mikononi mwa polisi mwezi wa Septemba 1977.

Sikilizeni anavyopiga. Hapigi kama mtu anayesindikiza. Anashika maneno machache ya besi, anayarudia, anayarudia tena, mpaka yanakuwa kama kinu na mchi, na hapo saksafoni zikipaa juu hazina hofu ya kuanguka, maana chini yuko mtu. Wakati mwingine anaimba huku akipiga. Ukimsikia kwa redio ndogo, utamsikia anaimba tu, na kazi yake kubwa itakupita. Narudi palepale: tafuteni debe, tafuteni kibuyu, azimeni spika ya kanisa au ya msikiti.

Wenzake walianza kufa ugenini. Mongezi Feza, mpiga tarumbeta, alifariki London mwezi wa Desemba 1975. Wale wanne waliobaki, Dyani akiwa mmoja wao, walitoka kwenye ibada ya kumkumbuka wakaenda studio, wakapiga kwa muda mrefu bila mpango, na mambo yale yakawa santuri: Blue Notes for Mongezi. Ni matanga kamili. Mtu wa kwetu hahitaji kufasiriwa.

Mwezi wa Oktoba 1986 ikawa zamu ya Dyani. Alifariki Berlin, baada ya kuanguka katika onyesho. McGregor na Pukwana walifuata mwaka 1990, mwaka uleule ambao Nelson Mandela alitoka gerezani. Louis Moholo, mpiga ngoma, ndiye peke yake kati ya wale waliobaki ugenini aliyerudi kuishi nyumbani, mwaka 2005.

Lakini kabla ya hapo, mwaka 1987, watatu waliobakia walirekodi santuri ya kumkumbuka Dyani, iitwayo Blue Notes for Johnny. Piano, saksafoni, ngoma. London ilikuwa imejaa wapiga besi, tena hodari. Hawakumwita hata mmoja. Santuri nzima haina besi. Ukiisikiliza kwa spika kubwa baada ya kuisikiliza Witchdoctor's Son, utapasikia mahali pale chini, pako wazi, na wale watatu wanapiga kwa kupazunguka.

Haya, shikeni kalamu. Andikeni majina haya katika daftari, kila jina mstari wake: Tom Malanga. Charles Mingus. Paul Chambers. Ahmed Abdul-Malik. Johnny Dyani. Mkikosea herufi za majina ya kigeni si neno, mwalimu wa darasa atawaonyesha.

Kazi ya nyumbani ni hii. Katika mji au kijiji chako yuko mzee aliyecheza dansi siku za Afro 70, au aliyepiga katika bendi, au aliyebeba vyombo tu. Mwendee. Mwulize: nani alikuwa akipiga besi? Andika jina lote, la kwanza na la baba, si lakabu peke yake. Andika bendi aliyopiga, na mwaka kama unakumbukwa. Mzee akikutajia watu wawili wenye kubishaniwa, andika wote wawili. Kisha msomee alichokwambia, naye akurekebishe.

Majina hayo mtayaleta darasani juma lijalo, siku ya somo letu, nami nitayasoma hapa redioni. Kwaherini.